Mwaka Niliosawazisha Paa

Simu ya Minza ilinikuta Mpanda, nimepiga magoti chooni kwa watu. Nilikuwa nabandika vigae katika nyumba ya wageni ambayo mwenyewe aliifungua kabla haijaisha, na wageni walikuwa wamekwisha kukitumia choo hicho usiku kucha bila maji. "Kaka Shija," akasema Minza, "mama ametutoka. Tunazika Jumamosi, nyumbani Shishiyu." Nikasema pole, nikasema nitakuja, nikaweka simu juu ya ndoo. Halafu harufu niliyokuwa nikiivumilia tangu asubuhi ikanishinda ghafla, nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya mwenye nyumba. Akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia ni malaria. Kwa kweli hakikuwa choo chake kilichonitapisha. Ilikuwa harufu ya zamani, ya maji yaliyolala juu ya ghorofa moja pale Bariadi, na ya kitu ambacho mkono wangu huu wa kulia ulikiokota kutoka katika maji hayo ukakiinua juu watu wakione.

Nina miaka arobaini na moja. Tangu mwaka ule sijakaa mji mmoja zaidi ya misimu miwili. Nimepiga plasta Kahama, Geita, Sumbawanga, Tunduma, na kila ninapofika nakumbuka Bariadi kwa namna ninayoichukia, maana naikumbuka kwa mapenzi. Nakumbuka vumbi jeupe la barabara ya kwenda Lagangabilili, malori ya pamba yakipita na kuacha nyuzi nyeupe kwenye miiba, na mji mzima ukijengwa kwa haraka kwa sababu tulikuwa tumepewa mkoa na kila mwenye ng'ombe alitaka kuwa mwenye ghorofa. Namba yangu Minza alikuwa nayo tangu tulipokutana stendi ya Kahama miaka mitatu nyuma. Siku hiyo nilimnunulia soda, nikamuuliza hali ya mama yake, nikafungua mdomo niseme nililopaswa kusema, kisha nikauliza kama soda ni baridi.

Ghorofa lenyewe lilikuwa la Mzee Maduhu, mfugaji na mnunuzi wa pamba, mtu wa upande wa Itilima. Chini maduka, juu vyumba vya ofisi, na juu kabisa zege tupu. Fundi mkuu alikuwa Fundi Rashidi, mtu wa Kigoma, mwembamba, mwenye kikohozi, ambaye alikuwa anakula taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mchana tulikuwa tunakaa chini ya ngazi, mafundi sita kuzunguka sinia moja la ugali na dagaa wenye mchanga, na tulipokuwa tukigombania mchuzi yeye alikuwa akimega tonge dogo na kutufundisha. Siku moja mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini nyumba zetu zote zina mgongo, lakini hizi za biashara, za Mwanza na za Shinyanga na hili letu, zimekatwa kichwa. Fundi Rashidi akacheka hadi akakohoa. "Pima upana wa hili jengo," akasema. "Ukilivika bati, mgongo wake utapanda juu kama ghorofa nyingine mbili. Ndani yake kuna nini? Hewa. Nani anapangisha hewa? Na kenchi za upana huo utazitoa mti gani, na upepo wa huku ukija utalifuata bati lako mpaka Serengeti?" Akamega tonge. "Juu ya zege unaweka matangi. Unaweka madishi. Watu wa simu wanakuja kukuomba nafasi ya mnara. Na zile nondo unazoziona zimesimama kama mabua, zinangoja tajiri apate tena aendelee kupanda. Mwenye ghorofa la biashara hamalizi kujenga, anapumzika tu."

Halafu akasema maneno ambayo nimeyasikia kichwani mwangu katika kila mji. "Lakini msidanganyike na macho. Paa bapa si bapa. Kila mita moja lazima lishuke unene wa kidole kuelekea tundu la maji. Ukisimama chini huoni. Mvua inaona."

Tulilijenga hivyo. Mimi mwenyewe nilivuta kamba, mimi nilipiga mwiko, na lile tabaka la juu likashuka pole pole kutoka pande tatu kuelekea kona ya kaskazini, ambako tuliweka matundu mawili na mabomba ya kuteremshia maji barabarani. Ilikuwa kazi safi. Sijafanya kazi nyingine safi kama ile, na nilikuwa na miaka ishirini na minane.

Mzee Maduhu alipanda kuitazama asubuhi moja, amevaa koti, mkononi ana chupa ya soda aliyomaliza kunywa. Alizunguka, akatazama mji wake kutoka juu, akafurahi. Kisha akainama kufunga kiatu, akailaza ile chupa chini. Chupa ikaanza kwenda. Ikabingirika taratibu mbele ya macho yetu, ikaongeza mwendo, ikaenda kugonga ukuta wa pembeni kule kona ya matundu.

"Fundi," akasema Mzee Maduhu, "hiyo chupa inakwenda wapi?"

"Inakwenda yatakakokwenda maji, mzee."

"Mimi sijaiamuru. Nimeilaza, imeondoka. Nimejenga ghorofa au nimejenga kilima?"

Fundi Rashidi akamweleza. Alieleza vizuri, kwa heshima, akaonyesha kwa kiganja. Mzee Maduhu alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza daktari wa mifugo ambaye amemkuta na ng'ombe aliyekwisha kufa. "Sikia," akasema. "Mwaka wa tatu kutoka sasa, hapa juu pana ukumbi. Hii ndiyo sakafu ya ukumbi. Watu watacheza harusi huku wanateremkia kona? Bibi harusi akianguka, nimwambie ni kwa ajili ya maji?"

"Siku ukijenga ukumbi, mzee, siku hiyo utasawazisha. Leo hapa ni paa. Paa na sakafu ni ndugu, lakini hawavai nguo moja."

"Ng'ombe akiinamia upande mmoja, mimi najua anaumwa. Na ninajua kitu kingine. Huku kona zege ni jembamba kuliko kule. Saruji yangu iliyobaki iko wapi?"

Fundi Rashidi alitazama mwiko wake, akaufuta kwa kitambaa upande wa kwanza, akaufuta upande wa pili, akauweka mfukoni. Alipofika kwenye ngazi alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu. "Shija, mvua haimwogopi tajiri," akasema, akashuka. Nasikia alikwenda Tabora. Sikumwona tena.

Mzee Maduhu akaniuliza kama najua kushika mwiko au najua kumfuata yule tu. Akaniambia kwamba jengo litahitaji mwangalizi, na mwangalizi atakaa kwenye kile chumba cha juu kilichojengwa kwa ajili ya pampu. Nilikuwa nimelala miezi minne stoo, juu ya mifuko ya saruji, nakohoa vumbi. Nilikitazama kile chumba. Kilikuwa na mlango. Nikasema, "Najua, mzee." Kwa siku tano nikamwaga mchanga na saruji juu ya kazi yangu mwenyewe, nikaivuta kwa pima maji mpaka kona ya chini kabisa ikameza kiganja kizima cha mchanganyiko. Matundu nikayainua kwa vipande vya bomba, na midomo yake ikabaki juu ya sakafu kwa nusu kidole, kwa sababu hakuna mtu duniani anayesawazisha kitu kikawa sawa kabisa. Niliuona ule mdomo. Nikasema moyoni, nusu kidole ni nini. Mzee akapanda na chupa yake. Akailaza. Chupa ikatulia, naye akacheka, akanipiga begani, na mimi nikacheka. Nikikumbuka kicheko hicho natamani kukitema.

Kiangazi kile, lakini, kilikuwa kizuri, na hili ndilo linaloniudhi katika kumbukumbu, kwamba haitaki kuwa chungu mahali inapostahili. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama matangi. Zege lilikuwa linanywa jua mchana kutwa, na jioni ungeweza kuweka sufuria ya maziwa sakafuni yakabaki na uvuguvugu mpaka muda wa kulala. Huko juu ndiko alikokuja mama yake Minza, Nkwimba. Alikuwa mjane, ana meza yake sokoni ya michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, vibichi au vilivyochemshwa. Chini alikuwa anaanika juu ya turubai, na mbuzi, vumbi na watoto wa watu vilikuwa vinamtia hasara. Alimwendea Mzee Maduhu akaomba paa. Mzee alifurahi. Aliwaambia watu kwamba ghorofa lake hata chakula linaanika.

Nkwimba alikuwa na umri wa kunizaa kama angeanza mapema, nikawa namwita mayu, kama tunavyomwita mama huku kwetu. "Mwadila, mayu," nilikuwa namsalimu akifika juu na karai lake kichwani, anahema. "Mwadila, ng'wanangu. Hizi ngazi zako zinataka kuniua kabla ya viazi." Alikuwa msafi kwa kiwango cha kuchosha. Alifagia zege kabla ya kutandika, alifagia baada ya kukusanya, alinawa mikono mpaka kiwiko, na mimi alinikataza kupita na viatu. Maganda aliyakusanya kwenye gunia, akampelekea jirani mwenye nguruwe. Mchana alichemsha michembe kidogo kwenye jiko langu, akaitia karanga zilizotwangwa, tukala tumekaa kwenye kivuli cha tangi. Alikuwa ananiuliza lini naoa. Nikimwambia bado, anasema, "Unangoja nini, paa unalo!" Akacheka peke yake. Minza alikuwa shule ya bweni, na michembe hiyo ndiyo iliyokuwa inamsomesha. Nkwimba alinihesabia kwa vidole mihula iliyobaki.

Bomba la kuteremshia maji lilipita kwenye pembe ya duka la vitenge la Bi Zuhura, na tundu lake lilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Ukiwa kimya ulisikia mazungumzo ya duka yakipanda kama kutoka kisimani. Nilijua nani amekopa doti ya harusi na mume gani haelewi. Nilikuwa nacheka peke yangu juu huko. Sikujua kwamba nitakuja kulichukia bomba hilo kwa mambo niliyoyasikia ndani yake.

Mvua ya kwanza ilipokuja, ilinyesha saa moja tu, na ilipokatika paa lote lilikuwa bwawa. Nilisimama mlangoni nikatazama mawingu yakipita chini ya miguu yangu. Maji hayakuwa mengi, kina cha nusu kidole, lakini hayakuwa na pa kwenda. Yalikaa. Jua likayachemsha, yakawa vuguvugu kama mate. Siku ya tatu yakaota utelezi wa kijani. Siku ya tano vikaonekana viluwiluwi vya mbu, maelfu, vikijikunja na kujikunjua. Njiwa walikuja kunywa, na wawili walikufa humo sijui kwa nini, wakavimba, na manyoya yao yakaenea juu ya maji kama ndevu. Mvua ya pili ikaongeza, ya tatu ikaongeza. Kila asubuhi nilikuwa nikisukuma maji kwa fagio kuelekea matundu, nayo yakifika kwenye ule mdomo wa nusu kidole yanapanda kidogo, mengine yanaingia, mengine yananirudia na kunilowesha suruali. Uvundo uliingia kwenye godoro, ukaingia kwenye ugali. Nilikuwa nakula nimefunga pumzi. Halafu pale ambapo tabaka langu jipya lilikutana na la zamani pakafunguka nyufa, nyembamba kama uzi, na maji yakapata njia ambayo sikuyapa mimi wala mtu.

Yalitokea dukani kwa Bi Zuhura, juu ya rafu ya vitenge vya bei. Nilisikia ukelele wake kupitia bomba. Mchana wa siku hiyo nikasikia na sauti ya Mzee Maduhu huko chini, na nilipiga goti kwenye tundu nisikie vizuri, pua yangu ikiwa kwenye kinyesi cha njiwa.

"Bi Zuhura, fikiri," alikuwa anasema. "Nikisema paa ndilo bovu, kesho wapangaji wote wanahama. Na wewe utahamia wapi? Ghorofa ni hili tu. Lakini kama kuna mtu ameziba tundu, hapo ni uzembe wa mtu. Mtu anaondoka, paa linabaki."

"Nani ameziba?"

"Nani huwa anafanya kazi huko juu?"

Nilijua kwamba hawanisemi mimi. Nakumbuka nilivyopata ahueni, kwa sekunde mbili, kabla sijaelewa kwamba ni Nkwimba. Sekunde mbili hizo zinanitia kinyaa kuliko njiwa.

Kesho yake asubuhi Mzee Maduhu alituita sote juu. Alikuja Bi Zuhura, walikuja wapangaji wengine wameshika pua kwa khanga na leso, na Nkwimba aliitwa kutoka sokoni akaja na jirani yake wa meza, Mama Sayi, naye aliuza michembe. Walisimama kwenye ngazi ya mwisho, hawakutaka kukanyaga maji. Mzee akasema, "Mwangalizi, ingiza mkono tuone kilichoziba." Nikaingiza mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko. Ulirudi na bonge jeusi lenye kamasi, linanuka kama mzoga. Nililitandaza kwenye kiganja. Yalikuwa manyoya ya njiwa, majani, mfuko wa nailoni, udongo, na humo ndani maganda mawili ya kiazi, yamekauka zamani yakalowa tena. Mawili. Kwa msimu mzima wa kuanika, mama yule alipitwa na maganda mawili.

Watu walikuwa wanangoja. Mzee Maduhu alinitazama, kisha akatazama mlango wa chumba changu. Nikageuza kiganja kidogo, manyoya yakadondoka, majani yakadondoka, mfuko nikauacha uanguke. Maganda nikayashika kwa vidole viwili, nikayainua.

"Maganda," nikasema.

"Nilifagia," akasema Nkwimba. Aliniambia mimi, si Mzee. "Shija, si ulikuwa unaniona? Nilifagia."

Nikasema, "Mayu, maganda ndiyo haya." Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mchafu kama ukweli huo.

Mama Sayi alitazama maganda, akatazama yale maji ya kijani na njiwa aliyevimba, na akafanya kitu kidogo tu. Aligeuza uso, akatema mate kwenye ngazi. "Kumbe humu ndimo watu tunamolishwa," akasema. Alishuka na neno hilo mpaka sokoni. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba michembe ya Nkwimba hulowekwa kwenye maji ya paa, pamoja na njiwa. Haikuhitaji ushahidi. Aliikausha kiangazi, juu ya zege kavu kama mfupa, kabla tone moja halijaanguka, lakini nani anauliza tarehe akiwa na kichefuchefu? Wiki ile nilipita sokoni. Meza yake ilikuwa imejaa, michembe myeupe, safi, imepangwa mafungu, na wateja walikuwa wanapita mbali kidogo, kwa mzunguko, wakifika mbele yake wanatema. Watoto nao walijifunza. Aliponiona alinyanyuka nusu, kama anataka kuniita. Nikajifanya nasoma bango la ukutani. Mwezi haukuisha akabeba magunia yake akarudi Shishiyu. Minza hakumaliza mihula ile.

Na maji yaliendelea kuvuja. Hilo ndilo lililopaswa kutuaibisha wote. Nkwimba hayupo, matundu nayazibua kila siku, na bado vitenge vinalowa. Hakuna aliyesema, basi hakuwa yeye. Bi Zuhura alihamisha rafu. Mpaka mnara wa simu ulipotaka kuwekwa na mkaguzi wao akakataa kupanda kwenye bwawa, ndipo Mzee Maduhu alinishika mkono pembeni akasema, bila kunitazama, "Fanya kama alivyofanya yule Mha wa Kigoma." Nikachukua nyundo na tindo. Nilibomoa kona yote ya kaskazini kwa siku tatu, nikaufikia mteremko wangu wa kwanza ukiwa mzima chini kule, umelala kama mtu aliyezikwa hai. Nilipofungua mdomo wa bomba, maji ya paa zima yaliondoka kwa robo saa. Yalipiga kelele kwenye bomba kama ng'ombe anayekoroma. Wapangaji walitoka nje kuyatazama yakimwagika barabarani, wakapiga makofi. Bi Zuhura alinipa shati jipya. "Fundi kijana kaiweza," wakasema. Mzee Maduhu aliwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Nilikaa katika chumba kile wiki moja nyingine, kikavu, kisichonuka. Sikuweza kula. Nikapanda gari mpaka Malampaka, nikangoja treni, nikiwa karibu kabisa na kwao Nkwimba, mtu angetembea kwa mguu akafika. Nikapanda treni. Watu wakiniuliza kwa nini situlii mji mmoja huwa nawaambia kazi ya ufundi ndivyo ilivyo. Fundi Rashidi alikuwa fundi na aliondoka mara moja tu, kwa sababu alikataa. Mimi naondoka kila mwaka kwa sababu nilikubali.

Nilifika Shishiyu Ijumaa mchana. Minza alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anachagua mchele. Sikusubiri soda safari hii. Nilichuchumaa nikamweleza yote, chupa, kiganja, manyoya niliyoyaacha yaanguke. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo mpaka nikamaliza.

"Alikuwa anasema, 'Nilifagia,'" akasema. "Juzi, homa imempanda, anashika mkono wangu: 'Minza, nilifagia.' Nikadhani anazungumzia uwanja. Nikamwambia, ndiyo mama, pamefagiwa."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono wenye vumbi la mchele. "Mimi usiniombe. Mimi sikumtemea mate. Kesho watu wa soko la Bariadi wanakuja na gari, hata Mama Sayi ameniambia anakuja. Kwenye salamu utasimama, uwaambie wao. Ukishindwa, usile chakula changu, ondoka."

Jumamosi niliitwa baada ya salamu za jumuiya ya kanisa. Mshereheshaji alikuwa kijana wa ukoo, ana orodha mkononi na haraka. Nilipokea kipaza sauti nikaona nyuso zaidi ya nilizozizoea. Mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki, walikaa wanawake wa sokoni, Mama Sayi katikati, amezeeka, amefunga kitenge kichwani. Nikasema mimi ni fundi, nilifanya kazi Bariadi, ndimi niliyesawazisha paa la ghorofa. Watu wakatazamana. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Paa gani? Hapa tumekuja kuzika." Wengine wakacheka chini chini. Nikatambua kwamba kosa langu haliwezi hata kuungamwa bila kulifafanua, na nimesimama mbele ya watu ambao mapaa yao yote yana mgongo, maji yao hushuka yenyewe, na katika maisha yao hawajawahi kuhitaji kufikiri juu yake.

Nikaomba sinia. Dada mmoja wa jikoni akaniletea, bado lina mafuta ya pilau, na kikombe cha maji. Nikampa mshereheshaji kipaza sauti anishikie mdomoni. Nikamwaga maji kwenye sinia, nikalishika sawa. "Hili ndilo paa nililolifanya mimi," nikasema. "Tazameni. Maji yamelala. Weka maganda, toa maganda, yamelala tu, yatanuka, yatavuja." Kisha nikaliinamisha kidogo, unene wa kidole, na maji yakakimbilia ukingoni yakamwagika juu ya viatu vyangu. "Hili ndilo paa lilivyokuwa kabla sijaliharibu. Nililiharibu nikijua. Maganda niliyowaonyesha yalikuwa mawili. Manyoya ya njiwa yalijaa kiganja, nikayaficha. Michembe ilikaushwa kiangazi, kabla ya mvua. Marehemu alifagia. Kila siku alifagia."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mafuta ya sinia yakishika vidole vyangu. Sikumtazama Minza. Mshereheshaji akakohoa, akatazama orodha yake. "Tunamshukuru mgeni wetu kwa salamu hizo," akasema, "lakini muda si rafiki yetu, kwa hiyo sasa naomba tuelekee..."

"Kaa chini, wewe mtoto," akasema Mama Sayi.

Alikuwa amekwisha kunyanyuka. Wenzake wawili walimshika kitenge wakamvuta arudi kwenye kiti, mmoja akimnong'oneza, "Acha, dada, acha." Akaiondoa mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Akaja mpaka nilipo, akapita bila kunisalimu, akamnyang'anya yule kijana kipaza sauti, akawageukia wenzake wa sokoni.

"Mimi ni Mama Sayi wa soko la Bariadi," akasema. "Meza yangu ilikuwa jirani na yake. Wateja walikuwa wanampenda yeye kuliko mimi. Mate ya kwanza niliyatema mimi."